Usimsemeshe Anayefunga Trela

Royce Haldane alianza kukunja mpira wake wa maji wakati mimi nimemshika mbwa wa watu mguu wa nyuma, upande mmoja kanyolewa, upande wa pili bado. Sasa niambie wewe, ungefanya nini? Mwanamume unayempenda anafungasha mbele ya macho yako, na wewe mkononi una mashine inanguruma na mbwa anakutazama kama umemwibia.

Ndiyo kazi yangu hiyo, kunyoa mbwa. Tulipoachana na Curtis, baba wa watoto, yeye alichukua nyumba, mimi nikachukua trela, ile nyumba ya magurudumu, na pikapu ya kuivutia, na ukoo mzima ukasema nimepunjwa. Wacha waseme. Tangu hapo mimi na wanangu, Juni na Boone, tunaishi barabarani, kambi hadi kambi, baridi ikianza tunashukia jangwa la Arizona, joto likianza tunapanda kaskazini na wenzetu. Kambi hizi zimejaa wastaafu, kila mstaafu ana mbwa, na mbwa haachi kuota manyoya. Hatujawahi kulala njaa.

Royce ni nesi. Naye anaishi hivi hivi na binti yake Tilly, wa miaka mitano, ambaye alifiwa na mama yake akiwa bado kitoto kichanga. Hospitali inamwita kwa miezi michache, anaegesha trela yake jirani, mkataba ukiisha anahama. Safari hii alikuja Novemba akaegesha ubavuni kwetu. Sasa Machi inakwisha, mkataba umekwisha, na Jumatatu anatakiwa kazini Oregon. Mimi nami nilikuwa nimemwahidi mama yangu nitarudi Ohio, niache kuhamahama, watoto wakae kwenye nyumba yenye msingi. Na kwa kuwa Mama hamwamini mtu, alipanda ndege akaja kunichukua mwenyewe.

Kati yangu na Royce, msimu mzima, hakuna aliyetamka. Midomo ilikuwa inasema chumvi imeisha, upepo umezidi, una kipande cha waya? Macho ndiyo yaliyosema mengine. Boone alipougua sikio, Royce alikaa mlangoni kwetu akimwimbia mpaka akalala, kisha akaniangalia juu ya kichwa cha mtoto, nikaangusha kijiko. Siku nyingine tulikuwa tunaanika nguo kwenye kamba moja, vidole vyetu vikakutana kwenye soksi ya Tilly, na hakuna aliyeondoa vyake. Tulisimama pale na kisoksi kile mpaka Juni akauliza kama kimenasa.

"Lorna," akasema Bi Geneva, mwenye mbwa, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake cha kukunja na kikombe cha kahawa. "Utamtoa Duke ngozi."

"Samahani, Bi Geneva."

"Samahani ya nini? Nenda ukamwambie."

"Nani? Nikamwambie nini?"

"Usinifanye mtoto. Nimeolewa mara mbili na mara zote mbili nilianza mimi."

Nilimtazama Royce. Alikuwa amerudisha pikapu kinyumenyume hadi chini ya pua ya trela, ameinama na kofia yake chakavu, anaunga. Mgongo ule, jamani.

"Anafunga trela," nikasema.

Bi Geneva akashusha pumzi. "Basi subiri amalize. Akimaliza tu, kimbia."

Kwetu sisi watu wa barabarani kuna sheria moja isiyoandikwa popote: anayefunga trela hasemeshwi. Humsalimii, humwombi chumvi, na hata kama kuna moto mwambie mkewe kwanza. Maana kufunga trela ni mambo madogo madogo yanayofuatana, ukimkatiza mtu kwa neno moja atasahau moja, na hilo moja ndilo litakalomwangusha. Juni wangu ana miaka sita, lakini akiona mtu ameinama nyuma ya pikapu anafunga mdomo na kupita kwa vidole. Na anayesemesha, likitokea la kutokea, lawama ni yake. Atasimangwa kila kambi atakayofika mpaka azeeke.

Kwa hiyo nilisubiri. Nilinyoa huku nasubiri. Nafsi inaniambia akimaliza kufunga, kabla hajawasha gari, utapata nafasi, Lorna, na ukiikosa hiyo basi. Ohio na Oregon si mahali pa kukutana kwa bahati.

Mama akatoka ndani ya trela yetu. Kwanza ikasikika puu, maana tangu afike kila akitoka anagonga kichwa kwenye kabati la juu ya mlango, kisha akatokea na kofia yake ya majani na uso umekunjamana.

"Mwanangu, humu ndani wanaishi watu au wanahifadhiwa samaki?"

"Inama, Mama. Nimekwambia uiname."

"Nina miaka sitini na nane, siinamii kabati." Akamgeukia Boone aliyekuwa anachimba mchanga na Tilly na Juni. "Boone, mpenzi wa bibi, siku chache tu zijazo utalala kwenye nyumba kubwa. Ina ngazi. Ina bustani."

Boone akafikiri. "Magurudumu yake yako wapi?"

"Haina magurudumu."

"Ikiharibika mtaivuta na nini?"

Bi Geneva akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mama hakucheka. Alikuwa amefuata macho yangu, akaona yalipo. Tangu afike alikuwa ananitazama hivyo, kimya, anavyotazama maziwa yasije yakachemka yakafurika.

"Ndiye huyo?" akauliza taratibu.

"Ndiye nani, Mama?"

Alirekebisha kofia, akashika njia, moja kwa moja kwa Royce.

Nikataka kupiga kelele. Lakini nikipiga kelele ndiyo nimemsemesha mimi. Nikabaki nimeinua mashine hewani, mdomo wazi, naona midomo ya Mama inakwenda, inakwenda, haina kituo. Bi Geneva alijifunika macho kwa kiganja. Wazee wawili wa trela ya pili waliacha kutafuna. Hakuna aliyemzuia, maana na hao nao wangekuwa wanasemesha.

Royce alinyanyuka. Akavua kofia, kwa heshima, akamsikiliza Mama mpaka mwisho. Kisha akageuza shingo akanitazama.

Sijapata kutazamwa hivyo. Si hasira, si lawama, ni kama mtu aliyefika stendi akaona gari linatokomea na mzigo wake wote umo ndani. Nilipotaka kutabasamu alikwisha kugeuka. Alivaa kofia, akainama mara moja tu, akainuka, akapandisha miguu ya trela, akaingia kwenye pikapu. Kumbe ndiyo amemaliza.

"Sasa," akasema Bi Geneva. "Kimbia."

Nilimtupa Duke mapajani kwake, nikakimbia. Nilikimbia na aproni na mashine mkononi, manyoya yamenijaa mpaka kwenye nyusi. Nikaita, "Royce, ngoja," lakini injini ilikwisha kuwaka, gari likasogea mbele.

Pikapu ilikwenda. Trela haikwenda.

Ilining'inia kidogo, ikafikiria, halafu ikaanguka pua yake yote juu ya kingo za pikapu kwa kishindo kilichorusha kunguru wote wa kambi. Bati lilijikunja. Kioo cha nyuma kikapasuka. Ndani ya trela vikasikika vyombo vikishuka kimoja baada ya kingine, na mwisho kabisa kitu kimoja kikaviringika polepole mpaka kikatulia.

Kambi nzima ikatoka. Kwetu mtu akiangusha trela watu hutoka na vikombe vyao mkononi, ni kama msiba wenye kicheko ndani yake. Na aliyeangusha angekuwa mwingine, sawa. Lakini Royce? Royce ambaye akifunga komeo linaloshika trela kwenye gari analigusa, analigusa tena, kisha anavuta gari kidogo kwa majaribio, anashuka, anatazama, anavuta tena? Wazee walikuwa wanamtania kwamba anafunga trela kana kwamba anafunga kidonda.

Mzee Lowell, mkubwa wa kambi, akazunguka mara moja, akakuna kidevu. "Mwanamume akiangusha trela," akasema, "ama amezeeka, ama amependa. Na huyu bado hajazeeka."

Watu wakaangua kicheko. Royce alikuwa ameshuka, amesimama anaangalia vumbi, masikio mekundu. Tilly alimkimbilia, akamkumbatia mguu.

"Nani alikusemesha?" Mzee Lowell akauliza, na hapo kicheko kikakoma, maana hilo ni swali la kweli. "Sema, kijana. Nimeona mtu."

Mama alikuwa amesimama pembeni, mkono mdomoni. Kwa mara ya kwanza tangu atue Arizona alionekana mnyonge. Bi Geneva alikuwa anamnong'oneza sikioni, bila shaka akimweleza sheria, na kila neno lilimwongezea Mama mwaka.

Royce akainua uso. Akamtazama Mama, akatazama watu.

"Hakuna mtu," akasema. "Uzembe wangu."

"Una hakika?"

"Mzee Lowell, nina hakika. Nilikuwa nawaza mambo yangu."

Mimi nilimshika Mama mkono nikamvuta mpaka nyuma ya trela yetu, kwenye kivuli.

"Umemwambia nini?"

"Lorna, sikujua kama—"

"Mama. Umemwambia nini yule mtu?"

Akashika kofia yake kwa mikono miwili. "Nimemwambia unarudiana na Curtis."

"Curtis ameoa. Mama, harusi ulikwenda wewe."

"Najua nilikwenda. Keki ilikuwa mbaya." Sauti ikamtetemeka. "Ungemfuata, Lorna. Nimekuona. Unamtazama yule mtu kama nilivyokuwa namtazama baba yako, na mimi baba yako angeniambia twende tukaishi juu ya mti ningepanda. Sasa ukimfuata huyu, mimi? Tangu baba yako afe nimenunua sufuria ndogo kuliko zote dukani, na bado chakula kinabaki. Nimepaka rangi chumba cha watoto. Nimepaka mwenyewe, kwenye ngazi."

Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa, sitaki kudanganya. Lakini haikupata pa kutua. Nilimwona kwenye ngazi ile na brashi, peke yake, nikamkumbatia kwa nguvu huku bado nimemkasirikia, na yote mawili yakakaa ndani yangu pamoja.

"Ulimi wako, Mama," nikamwambia kwenye kofia, "umenivunjia mtu gari."

"Na hakunitaja."

"Hakukutaja."

"Mbele ya watu wote wale. Angeweza." Akanisukuma begani. "Nenda ukamwambie ukweli. Nenda kabla sijabadili mawazo."

Royce alikuwa amechuchumaa kwenye tairi la nyuma. Bati lilikuwa limeshuka likalishika, gari haliwezi hata kugeuka. Watu walikuwa wamejiondoa kidogo, kwa adabu ya kambi, maana yake wamerudi hatua chache na masikio wameyaacha pale pale. Nilichuchumaa karibu naye. Magoti yetu yaligusana na hakuna aliyeondoa lake.

"Hongera," akasema bila kunitazama.

"Ya nini?"

"Curtis. Nimefurahi kwa ajili ya watoto."

"Curtis alioa Julai, Royce. Mimi niliwapelekea blenda."

Akanigeukia. Nilikuwa sijawahi kumwona kwa karibu namna ile mchana kweupe. Ana kovu dogo chini ya jicho, na macho yake si kahawia kama nilivyodhani miezi yote, yana kijani ndani. Yalinitazama yakashuka mpaka mdomoni kwangu, yakarudi.

"Blenda," akasema.

"Ya kasi tatu. Mama amekudanganya. Ameniungamia sasa hivi, ana majuto, usimchukie."

"Simchukii." Tabasamu lilikuwa linamwanza upande mmoja, linaogopa kufika upande wa pili. "Kwa hiyo hurudi kwa mtu."

"Sirudi kwa mtu. Royce, ulisahau nini?"

"Komeo."

"Na kuvuta kidogo kwa majaribio?"

"Na kuvuta."

"Wewe? Unayevuta mpaka watu wanapika chai wakikusubiri?"

"Lorna, kama ungeniuliza jina langu wakati ule ningelitafuta kwenye leseni."

Nikacheka. Nilicheka, machozi yakanitoka, nywele za Duke zikanishika mashavuni, na nikajua kwamba nikinyamaza sasa nitanyamaza maisha. Liwalo na liwe.

"Nakupenda," nikasema. "Nimekupenda tangu ulipomwimbia Boone. Pengine tangu kile kisoksi. Sijui kupamba, nimesema kama nilivyoweza, na wewe sema lako, zuri au baya."

Akafungua mdomo. Uso wake wote ulikuwa umeshajibu, ulibaki ulimi tu. Na hapo hapo Boone akajipenyeza katikati yetu, kichwa kimejaa mchanga.

"Nyumba yenu imelala chini," akamwarifu Royce. "Itaamka lini?"

"Sijui, bwana mkubwa."

"Tilly analia. Anasema hamna pa kulala."

Royce akanyanyuka akaenda kwa mwanawe, na jibu langu likaenda naye. Nilitaka kumzika Boone kwenye ule mchanga wake.

Fundi alikuja kabla ya saa sita, akapuliza hewa kwa meno. Trela ni nzima, akasema, ina majeraha ya ngozi tu. Pikapu ni suala la wiki kadhaa. Mzee Lowell akasema trela ikae pale pale bure, yeye ataitunza. Royce akamshukuru, akavua kofia akajifuta jasho, na wote tulijua anachokifikiria: Jumatatu, Oregon.

"Twende na mimi," nikasema.

Nilisema mbele ya kambi nzima, mbele ya Mama, sauti haikutetemeka. "Pikapu yangu ina nafasi ya watu sita. Trela yangu ni ndogo, lakini meza inageuka kitanda. Nitakufikisha kazini."

"Lorna, wewe unakwenda Ohio."

"Nilikuwa nakwenda Ohio." Nikamgeukia Mama. Hili ndilo lililokuwa gumu. "Mama, nilikuahidi, na ninaivunja ahadi hiyo mbele yako, sikufichi. Nitakuja. Nitakuja na watoto, tutaegesha kwenye bustani yako tukae mpaka utufukuze. Lakini siishi tena pale. Maisha yangu ni haya, na nayataka na mtu huyu."

Hakuna aliyekunywa kahawa. Duke, nusu mbwa nusu kondoo, alikaa akamtazama Mama na yeye.

Mama akamtazama Royce kuanzia kofia hadi viatu.

"Wewe," akasema. "Utalala wapi?"

"Kwenye pikapu, Mama. Kiti cha mbele."

"Mpaka lini?"

"Mpaka utakaposema wewe."

"Mimi? Mimi naondoka kesho na ndege."

"Basi nitakupigia simu kila jioni nikuulize."

Bi Geneva akapiga kofi moja la furaha, akajizuia. Mama aling'ata mdomo. Namjua mama yangu, hicho ni kicheko anachokinyima njia.

"Simu," akasema. "Eti simu. Binti yangu mmoja, wajukuu wawili, na huyu mwembamba," akamwonyesha Tilly, "ambaye ni wazi kwamba hali mboga, wote wakatokomee Oregon, halafu mimi nilinde heshima ya nyumba kwa simu?" Akamgeukia Mzee Lowell kana kwamba yeye ndiye mwenye makosa. "Ndege ipae bila mimi. Meza inayogeuka kitanda ni yangu. Na kabla hatujaondoka, mtu atoe lile kabati la mlangoni."

Lilitolewa. Wazee watano waligombania bisibisi.

Nilimalizia upande wa pili wa Duke kwa haraka isiyo ya heshima, nikanawa, nikafunga trela yangu mwenyewe, nikavuta kwa majaribio, nikavuta tena. Watoto watatu wakafungwa viti vyao nyuma, tayari wanagombania dirisha. Nilishika usukani. Royce akaja kukaa karibu nami, na kabla hajainua mguu Mama akampita, akapanda, akajisogeza, akatua katikati yetu na kofia yake ya majani, pana kama sinia.

Tukatoka getini huku kambi nzima inapunga vikombe. Barabara ilinyooka mbele, nyeupe kwa jua. Sikuweza kumwona Royce hata kidogo, niliona majani ya kofia tu, na nyuma yake mkono wake umeshika dirisha.

"Lorna," akaita kutoka ng'ambo ya Mama.

"Naam."

Hata watoto waliacha kugombania dirisha.

"Nakupenda. Nilitaka kusema kule chini, Boone akaja. Nakupenda, sijui nilisubiri nini msimu mzima."

Nilifumba mdomo nisilie, nikashindwa.

Mama hakugeuka kushoto wala kulia. Alitazama barabara, mkoba mapajani.

"Amesikia," akamwambia. "Na mimi nimesikia, kwa hiyo kijana, huna tena pa kukimbilia."